Maswali na majibu: Kwa nini simu haikuuona upepo wa Aprili

Swali: Mimi ni nahodha wa boti ya faiba ya futi 28, mashine moja, napakia abiria na mizigo kati ya Nyamisati, bara kwenye delta ya Rufiji, na Kilindoni kisiwani Mafia. Aprili iliyopita, kabla ya kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, niliangalia programu ya hali ya hewa kwenye simu: upepo kilomita 16 kwa saa, mawimbi mita 0.8, mvua asilimia 30. Tulipotoka mtoni na kuufikia mkondo wa bahari kati ya bara na Mafia, upepo ulikufa kabisa. Haukupita muda ukaja wa baridi kutoka upande wa Rufiji, ukatupiga kama robo saa, maji yakaingia, tukatupa sehemu ya mizigo. Kisha shwari. Rafiki yangu wa Dar ananiambia tatizo ni programu ya bure, ninunue ya kulipia. Ipi ni sahihi zaidi kwa njia yetu?

Jibu: Hakuna, nahodha. Hela ya programu ibaki mfukoni kwanza, nitakwambia mbele uipeleke wapi.

Kila masika yakikaribia naulizwa swali hili, na kila mara limekaa vilevile: programu ipi ni ya kweli. Anayeuliza ameshaamini kwamba ipo moja inayojua, na kwamba nyingine zote zinabahatisha. Ukweli ni kwamba programu nyingi hazitabiri zenyewe. Zinachora. Nyingi za bure huchukua matokeo ya modeli, yaani hesabu za anga za kompyuta, ya Marekani iitwayo GFS, kwa sababu serikali ya huko huyatoa bila malipo kwa yeyote. Nyingine huchukua ya kituo cha Ulaya, ECMWF. Anayekutoza fedha mara nyingi anakuuzia rangi nzuri, mishale inayotembea na skrini isiyo na matangazo. Kwa hiyo ukiziona programu mbili zimekubaliana usiseme umepata mashahidi wawili. Huenda ni shahidi mmoja aliyebadilisha kanzu.

Sasa angalia huyo shahidi anaona nini. Modeli huigawa dunia katika miraba, na kila mraba hupewa upepo mmoja. Data za GFS zinazotumiwa na programu nyingi zina mraba wa robo digrii, yaani karibu kilomita 28 kila upande huku kwetu. Modeli ya Ulaya ni nzuri zaidi, kilomita 9 hivi. Kisiwa cha Mafia chenyewe hakifiki kilomita 20 kwa upana. Mraba mmoja wa GFS unaweza kubeba kipande cha kisiwa, kipande cha mkondo na mikoko ya Rufiji, vyote vikaandikiwa kilomita 16 kwa saa. Wingu lililokupiga wewe pengine halikuzidi kilomita kumi kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa mraba kama huo ni dogo mno, halionekani.

Jambo linaloniudhi zaidi ni ile desimali. Unagusa skrini mahali ulipo hasa, programu inakuandikia 0.8, nawe unaona kama kuna mtu amesimama pale na kijiti anapima. Hakuna aliyepima. Programu imechukua namba za miraba jirani ikapiga hesabu ya katikati. Aliyeitengeneza hajui kama Nyamisati iko ndani ya mto au juu ya mlima, na wala hana haja ya kujua.

Halafu kuna saa. GFS huendeshwa mara nne kwa siku, na kwa saa zetu huanzia saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Matokeo huchukua saa kadhaa kutoka. Ulichokisoma alfajiri ile, basi, kilianzia hali ya anga ya saa tatu ya usiku uliopita, tena kama simu ilipata mtandao. Kama haukuwepo, ulisoma cha zamani zaidi. Mahali fulani pembeni programu huandika ilisasishwa lini. Sijawahi kukutana na nahodha aliyeniambia amepaangalia.

Lakini hata ungekuwa na modeli bora kuliko zote, na mtandao usiokatika, kuna jambo ambalo ndilo hasa lililokuponza, nalo ni majira. Julai kusi kimeshika, kinavuma mchana na usiku, kimefunika bahari yote kuanzia Msumbiji. Wastani wa mraba wa kilomita 28 mwezi huo unakaribia sana upepo utakaoukuta. Januari kaskazi nayo ni hivyohivyo. Watu huzoea programu katika miezi hiyo, wakaiona haikosei, wakaijengea imani. Kisha inaingia tangambili. Kaskazi imelegea, kusi hakijasimama, bahari ina joto, hewa imelowa, jua linachoma. Upepo mkubwa wa majira haupo, kwa hiyo programu inaandika namba ndogo, na inaandika kweli. Ila katika hewa kama hiyo mawingu ya radi hujipandia popote, na kila moja huja na upepo wake.

Ndiyo maana kilomita 16 ya Aprili si sawa na kilomita 16 ya Julai. Ya Julai inakwambia kusi kimepumzika. Ya Aprili inakwambia tu kwamba hakuna upepo wa majira. Kuhusu mawingu haijasema neno. Nahodha anaisoma kama ruhusa ya kuondoka.

Mwendo wa upepo ule umeusimulia vizuri mwenyewe, sina la kukusahihisha. Mvua inapoanguka kutoka wingu refu, sehemu yake hukauka ikiwa bado hewani na kuipoza hewa. Hewa baridi ni nzito, inashuka kwa kasi, inaugonga uso wa bahari na kutawanyika pande zote, ikiitangulia mvua yenyewe. Inaweza kusafiri kilomita nyingi kutoka kwenye wingu, kwa hiyo unaweza kupigwa ukiwa bado kwenye jua. Ule utulivu wa ghafla kabla yake, kisha baridi usoni, ndiyo dalili, na baada ya dalili hiyo huna dakika nyingi. Kilomita 50 kwa saa katika upepo wa namna hiyo si ajabu. Na nguvu ya upepo haiongezeki kwa kujumlisha: upepo ukiwa mara tatu, msukumo wake kwenye ubavu wa chombo ni mara tisa. Kutoka 16 hadi 48 ni mara tatu kamili. Boti ya futi 28 yenye abiria waliokaa juu ya magunia haina cha kujibu hapo, isipokuwa omo, yaani mbele ya boti, iwe imeshageuzwa kuukabili upepo kabla haujafika.

Asilimia 30 ya mvua nayo inasomwa vibaya kila siku. Maana yake ni kwamba katika siku kumi zenye hali kama ile, tatu zingenyesha mahali pale. Haisemi mvua itakuwa ndogo. Wingu la asilimia 30 likitokea, limetokea lote.

Kuhusu mawimbi, ile mita 0.8 ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, yale makubwa. Katika saa chache za safari lazima utarajie wimbi moja moja linalokaribia maradufu yake. Na hukuniambia siku ile ilikuwa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, jambo ambalo ningeliuliza kabla ya kuuliza habari za simu. Pwani yetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na yote hayo lazima yapite kwenye mkondo kati ya Mafia na bara, ambao una kina kidogo. Maji yakienda huku na upepo ukija kule, wimbi linafupika na kusimama wima, na wimbi fupi la mita moja huingiza maji botini kuliko refu la mita mbili. Programu nyingi za simu haziuhesabu mkondo wa maji kujaa na kupwa hata kidogo.

Basi utumie nini? Kwanza taarifa ya bahari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Najua malalamiko: haitaji Nyamisati, haitaji saa, inasema tu "mvua na ngurumo katika maeneo machache". Watu huyaruka maneno hayo wakikimbilia namba. Wakati wa tangambili maneno hayo ndiyo utabiri wenyewe. Mtu ametazama anga, akaona mawingu ya radi yatakuwepo, na kwa uaminifu amekataa kukudanganya yatakuwa wapi. Ukiona neno ngurumo, namba ya upepo iliyoandikwa pembeni usiitegemee tena. Kisha jua ngazi zao: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili hutolewa tangazo, na chombo chako hakina biashara nje siku hiyo, hata kama kwenye gati jua linawaka.

Pili, picha ya satelaiti badala ya utabiri. Meteosat hupiga picha ya Afrika kila baada ya dakika 15 au pungufu, na picha hizo zinapatikana bure. Picha haitabiri, inaonyesha kilichopo. Kama saa kumi na moja alfajiri kuna kundi la mawingu meupe mazito juu ya delta, tayari unalijua jambo ambalo modeli ya usiku haikulijua. Subiri saa mbili. Mizigo haiozi kwa saa mbili, na kama ni samaki basi barafu iongezwe.

Tatu, macho. Wazee waliotufundisha kutazama upande wa wingu jeusi, mstari wa maji yaliyokunjamana unaokuja na ndege wanaokimbilia bara, walikuwa wanafanya utabiri wa nusu saa ijayo, na kwa nusu saa hiyo wanaishinda programu yoyote. Hao siwaweki kundi moja na matapeli.

Matapeli ni wengine. Ni vijana wanaofungua makundi ya WhatsApp, wanachukua ramani ya GFS ya siku ya kumi na mbili mbele, wanazungushia duara jekundu na kuandika "kimbunga kinakuja". GFS hutoa ramani mpaka siku 16, na katika siku hizo za mwisho huzaa vimbunga na kuviua kila inapoendeshwa. Cha asubuhi jioni hakipo. Anayeijua kazi hii hasambazi ramani ya siku ya kumi na mbili. Wapo pia wanaorusha tangazo la kweli la mwaka juzi, tarehe imekatwa. Watu wanafunga shughuli siku mbili, hakuna kitu, na lawama wanashushiwa Mamlaka ambao hawakusema neno. Mara ya tatu tangazo la kweli likitoka, watu wanacheka.

Kicheko hicho ndicho ninachokiogopa, kwa sababu miezi hii ina historia. Aprili 1872 kimbunga kiliivunja Zanzibar na kuing'oa mikarafuu ya Unguja. Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Aprili 2019 Kenneth ilitua kaskazini mwa Msumbiji, katika jimbo linalopakana nasi. Aprili 2021 Jobo ilielekea Dar es Salaam, ikadhoofika kabla ya kufika, na wengi wakasema tulitishwa bure. Miaka mitatu baadaye, tarehe 4 Mei 2024, Hidaya ilitua hapohapo Mafia unapopeleka abiria wako. Mwenye kuniambia vimbunga haviji pwani hii kwa sababu tuko karibu na ikweta amesikia nusu ya somo. Karibu na ikweta huzaliwa kwa shida, lakini vilivyozaliwa kusini zaidi husafiri.

Kwa vimbunga anayeaminika katika bahari yetu yote ya kusini-magharibi mwa Hindi ni kituo cha kanda kilichoko kisiwa cha Réunion, na Mamlaka zetu hufanya kazi pamoja nacho. Wanapochora njia kwa mfano wa koni, koni hiyo inaonyesha kitovu kinaweza kupita wapi. Haionyeshi upepo utaishia wapi. Nimeona manahodha wakiweka kidole kwenye ramani, wakaona bandari yao iko nje ya mstari, wakaondoka. Mei hiyohiyo ya 2024 Ialy ilibaki baharini, haikutua popote katika pwani yetu, na bado upepo wake ulisumbua mpaka pwani ya Kenya.

Hela ya programu sasa: nunua redio ya VHF isiyoingia maji na uiache wazi kwenye chaneli 16. Ikibaki, ongeza maboya, yatoshe kila abiria na mtoto wake, na wayavae kabla hamjatoka mtoni.