Viluwiri wawili wanaofanana: tazama ncha ya bawa

Swali: Nimepata picha mbili za ndege mdogo wa kahawia aliyechomoza kwenye matete, akadonoadonoa tope kidogo, kisha akatoweka. Mdomo wake ni mfupi, na ubavuni ana michirizi myeupe na myeusi. Kitabu kinanipa viluwiri wawili, Zapornia pusilla na Zapornia parva. Nitawatofautishaje?

Jibu: Hongera kwa kupata picha, maana ndege hawa wana miili iliyobanwa ubavuni na hupenya kati ya matete bila hata jani kutikisika. Mdomo mfupi umeshamwondoa Rallus aquaticus, ndege wa jamaa hiyohiyo ambaye mdomo wake ni mrefu na mwembamba.

Sasa acha rangi kwanza, utafute bawa lililokunjwa. Karibu na mkia utaona manyoya mapana ya ndani yakiwa yamelifunika. Je, ncha ya bawa inachomoza nyuma yake? Kwa parva inachomoza waziwazi, na unaweza kuona ncha za manyoya kadhaa zimepangana moja nyuma ya nyingine. Kwa pusilla haichomozi, au huonekana kidogo sana, na mwili wake wote unakuwa kama wa mviringo, mkia mfupi.

Naanza na bawa kwa sababu alama nyingine hubadilika kwa umri. Parva mzima, yaani aliyekomaa, ana wekundu kwenye shina la mdomo, pusilla hana. Lakini parva mchanga naye anaweza kuwa na wekundu hafifu mno, usioonekana kwenye picha ya mbali. Michirizi ya ubavuni nayo, kwa pusilla mzima husogea mbele kupita miguu, ila parva mchanga huwa nayo mingi pia. Hapo ndipo wengi hukosea.

Alama ya pili ninayoiamini ni weupe wa mgongoni. Wa pusilla ni vidoa na mikwaruzo iliyojipinda, imezungushiwa weusi, na hufika hadi kwenye bawa. Wa parva ni mistari michache iliyonyooka. Kifua kikiwa cha manjano hafifu badala ya kijivu, na ndege ni mzima, huyo ni parva jike. Kwa pusilla dume na jike hufanana.

Jihadhari pia na vifaranga. Vya viluwiri na kukuziwa huwa na manyoya meusi laini, na kila mara kuna anayedhani ameona spishi nyeusi adimu.

Kama picha zako hazionyeshi ncha ya bawa, andika tu "kiluwiri, spishi haijulikani" na urudi alfajiri au jioni, maji yakiwa yamepungua na tope limeachwa wazi. Kaa kimya palepale ulipomwona. Tafadhali usimwite kwa sauti iliyorekodiwa msimu wa kutaga: huacha kiota kuja kumkabili mpinzani ambaye hayupo, na mayai hubaki bila mlinzi.