Maji Moto kwa Bomba: Mmeuliza

Wiki jana nilitaja miji ambako bomba moja la maji moto hupita chini ya barabara na kila nyumba hujipatia joto humo, badala ya kuwasha moto wake. Simu yangu haijapumzika tangu hapo.

Baridi ya Julai hapa Lanet, Nakuru, inatutafuna. Mbona sisi hatuna? (Mama wa watoto watatu)

Pole, mama. Kule Copenhagen karibu nyumba zote zimeunganishwa, na joto lenyewe ni lile ambalo mitambo ya umeme na ya kuchoma taka ingelitupa bure. Uzuri wake uko hapo: kinachouzwa kilikuwa cha kumwagwa, na moshi wa majiko elfu unabaki wa dohani moja inayoweza kuchujwa. Ila kuchimbia mabomba ni ghali, na gharama hurudi pale watu wanapopasha nyumba miezi mingi mfululizo. Baridi yetu saa nne asubuhi imeshakwenda. Sweta bado ni rahisi.

Lakini mvuke wa ardhini tunao, volkeno ya Menengai iko hapo juu tu! (Kijana wa Section 58)

Hapa umenigusa. Reykjavik ilianza mwaka 1930 kwa bomba la kilomita tatu hivi, shule ikiwa miongoni mwa wateja wa kwanza. Leo takriban nyumba tisa kati ya kumi Aisilandi hupashwa na jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi. Sisi tusihangaike na sebule. Tuwatafute wanaohitaji maji moto kutwa kucha. GDC, shirika la serikali la kuendeleza jotoardhi, limeshaonyesha Menengai kwamba joto hilo linachemsha maziwa, linafua nguo, linakausha nafaka na kupasha mabwawa ya samaki. Naivasha, shamba la Oserian limelitumia kwenye vibanda vya kukuzia maua. Bomba la kwanza mimi ningelipeleka hospitalini na kwa wenye maziwa, si Milimani kwa wenye nazo. Na lisiwe refu mno, maana joto halisafiri kama umeme.

Ile harufu ya yai viza ya mvuke itatufuata bafuni? (Msomaji, Bahati)

Si lazima. Mvuke hupita upande mmoja wa chuma na maji safi upande wa pili. Joto linavuka, harufu inabaki. Ni kama kupasha chupa ya maziwa ya mtoto ndani ya sufuria ya maji moto.

Sisi wa Kisumu tunataka baridi. Ziwa si lipo? (Fundi wa friji, Kondele)

Swali zuri, fundi. Toronto wanafanya hivyo tangu 2004: wanavuta maji ya nyuzi 4 hivi kutoka kina cha zaidi ya mita 80 ziwani, nayo yanapoza majengo ya mjini. Lakini Ghuba ya Winam haina kina hicho, na maji yake ni vuguvugu. Endelea na friji zako.

Nina ploti ya vyumba 12 Kiamunyi. Naanzia wapi? (Mwenye nyumba)

Weka mtambo mmoja wa kupasha maji kwa jua juu ya paa, karibu na bafu. Bomba la maji moto livishwe sponji lote, na kila chumba kiwe na mita yake. Bila mita, wa kwanza kuamka ataoga peke yake.