Niongeze samaki gani kwa tangi?

SWALI: Sasa mhariri, niko South B, nina tangi la maji ya chumvi lita 200, matumbawe yameshika poa, ndani kuna klaunfishi wawili na kamba wa kusafisha. Jamaa wa duka ananisukumia yelo teng na triga. Nichukue?

JIBU: Triga achana naye kabisa, atamgeuza huyo kamba wako chakula. Yelo teng ni mrembo, sikatai, lakini anafika kama sentimita 20 na ni wa kuogelea mchana kutwa, hiyo lita 200 itambana halafu aanze kusumbua wenzake, mi singemweka chini ya lita 400. Wewe tafuta wadogo kama fayafishi, au royal grama wa Karibea, wote hawagusi matumbawe, ila fayafishi akishtuka anaruka nje so funika tangi na wavu.

Kabla hujalipa mwambie muuzaji amlishe samaki ukiona, asipokula mwache hapo hapo hata kama bei imeshushwa (bei ikishushwa ndo uangalie vizuri zaidi). Akifika nyumbani mweke kitangi cha pembeni kama wiki 4, ugonjwa wa madoa meupe ukiingia tangi kubwa ni balaa, dawa yake ya kopa (shaba) inaua kamba na matumbawe.

Na ongeza mmoja mmoja. Samaki wakiwa wengi oksijeni inaisha haraka stima ikipotea, na stima zetu unazijua, nunua pampu ya hewa ya betri kwanza.