Mume wangu anasema wosia ni wa wazee

*Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu hatujafika miaka 35. Tuna mtoto wa miaka miwili, nyumba ambayo bado tunailipia mkopo, na akiba kidogo. Nikimwambia tuandike wosia anasema huo ni uchuro, na kwamba akifa kila kitu ni changu. Shoga yangu naye anasema bila wakili wosia ni karatasi tu. Nimsikilize nani? — Mama Mtoto*

Marahaba, mwanangu. Mumeo amekosea kwa sehemu kubwa, shoga yako kwa sehemu ndogo.

Hilo la "kila kitu ni changu" ndilo linalowaumiza wajane wengi vijana. Mtu akifa bila wosia, sheria ndiyo inayogawa, na katika nchi nyingi mke hapati vyote: hugawana na watoto, na pasipo watoto, wazazi wa marehemu nao huweza kuwa na fungu. Fungu la mtoto wenu halikabidhiwi mtoto wa miaka miwili. Huwekwa chini ya uangalizi mpaka awe mtu mzima, na huenda ukalazimika kuomba ruhusa ya mahakama ili uuze nyumba unayolala ndani yake.

Hata hivyo, kwa umri wenu sababu kubwa ya wosia ni yule mtoto, kuliko mali. Mkiondoka wote wawili katika ajali moja, nani atamlea? Kama hamkuandika, bibi wa huku na bibi wa kule watavutana na hakimu asiyewajua ndiye atakayeamua. Mteueni mlezi, na mwingine wa akiba iwapo wa kwanza hataweza. Muulizeni kwanza kama yuko tayari. Ni afadhali kumtaja mtu mmoja kuliko kuandika "dada na mumewe", kwa sababu hao wakiachana mtoto atakuwa wa nani? Mahakama bado inaweza kuangalia maslahi ya mtoto, ila neno la wazazi lina uzito. Tena, anayefaa kulea si lazima awe ndiye anayefaa kushika fedha. Mnaweza kumteua mdhamini wa fedha mbali na mlezi, mkaeleza kuwa zitumike kwa ada na matibabu, na salio akabidhiwe mtoto akifika 21 au 25. Kijana wa miaka 18 mwenye fungu zima mkononi ni shida nyingine.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Mali nyingine haipiti kwenye wosia kabisa. Bima ya maisha na mafao ya pensheni mara nyingi hulipwa kwa aliyeandikwa kwenye fomu ya mnufaika, hata wosia ukisema vingine. Na mumeo, kama wanaume wengi, pengine aliijaza fomu hiyo alipoajiriwa akiwa kapera, akaandika jina la mama yake, hajaigusa tena. Anzeni hapo, wiki hii. Kwa kawaida ni bure. Jazeni jina la kwanza na la akiba, msimwandike mtoto mdogo moja kwa moja, na mdai nakala yenye uthibitisho kuwa fomu imepokelewa.

Halafu fungueni hati ya nyumba. Zipo nchi zenye aina mbili za umiliki wa pamoja: moja anayebaki hai huchukua yote, nyingine kila mmoja ana fungu lake linalokwenda kwa warithi wake. Mtu anaweza kuishi miaka kumi bila kujua yake ni ipi. Mkopo nao haufi na mkopaji, kwa hiyo ulizeni kama una bima ya kuulipa mmoja wenu akifariki.

Wakili je? Kama hii ni ndoa ya kwanza kwenu nyote, hakuna mtoto wa nje, na mali yote iko nchi moja, fomu inayokubalika nchini mwenu inaweza kutosha, mkimlipa wakili kuikagua tu. Kuna mtoto wa nje, biashara ya ubia, ardhi ya ukoo, mali nje ya nchi, au ndugu mwenye ulemavu anayewategemea? Hapo msijiandikie. Kama ni Waislamu, wosia wenu una mpaka wa theluthi moja, na mrithi wa kisheria haongezewi humo bila ridhaa ya wenzake. Madeni na mlezi bado vinahitaji kuandikwa. Na ziko nchi, Ufaransa ikiwemo, ambako watoto wana fungu ambalo wosia hauwezi kuwanyima.

Ubaya wa kosa la wosia ni kwamba hugunduliwa wakati aliyeandika hayupo wa kurekebisha. Makosa ya kawaida ni ya kutia saini. Nchi nyingi hudai mashahidi wawili, wote wakiwapo pamoja wakikuona unasaini, kisha nao wasaini mbele yako. Shahidi asiwe anayerithi wala mwenzi wake: katika nchi nyingi wosia utasimama lakini zawadi yake itaanguka. Saini kila ukurasa, weka namba na tarehe. Usifute wala kuongeza neno baadaye, na usichomoe pini za kurasa, maana matundu mapya hufanya watu waulize karatasi ipi imetolewa.

Kila mmoja aandike wake, kwani wosia mmoja wa watu wawili humfunga mikono anayebaki. Tajeni msimamizi wa mirathi na wa akiba. Wekeni kifungu cha "mali yangu nyingine yote", la sivyo shamba mtakalonunua mwakani litakuwa halina maelekezo. Wakili mzuri ataongeza kwamba mrithi awe hai siku 30 baada ya kifo, ili ajali moja isihamishe mali mara mbili.

Nakala halisi iwekwe pahali msimamizi anapapajua. Sanduku la benki lenye jina lako pekee linaweza kufungwa siku ile ile linapohitajika.

Kwa mumeo, usianze na kifo. Mwombe mkague fomu ya pensheni pamoja, kisha umuulize angependa mwanawe alelewe na nani kati ya ndugu zenu. Wengi wana jibu la haraka, hasa kuhusu nani *asimlee*. Akikataa kabisa, andika wako peke yako. Hauhitaji saini yake, ingawa utagusa fungu lako tu.