Kuhema Baada ya Mbio: Maswali Yenu na Majibu

*Kila jioni nakimbia mchangani Shela. Nikisimama, miguu inatulia lakini pumzi bado inakwenda mbio. Kwa nini? (Mkimbiaji, Langoni)*

Pumzi hushuka kwa awamu mbili. Sekunde za mwanzo hupungua ghafla, kwa sababu ubongo umeacha kuiamuru misuli na viungo haviripoti tena mwendo. Baada ya hapo hushuka polepole. Misuli imeshamwaga hewa ukaa na asidi kwenye damu, na mwili bado una joto. Vihisio vilivyoko kwenye shina la ubongo na shingoni, kwenye mishipa ipelekayo damu kichwani, huyapima hayo na kuyahimiza mapafu. Wengi hudhani anayehema kaishiwa na oksijeni. La. Kwa mtu mwenye afya anayekimbia hapa pwani, oksijeni ya damu haishuki sana. Mwili una haja zaidi ya kutoa kuliko kuingiza.

Oksijeni ya ziada hutumika pia, kujaza akiba ya misuli. Mwanasayansi Mwingereza A. V. Hill aliliita hilo deni la oksijeni miaka ya 1920, ingawa leo inajulikana kuwa joto na homoni nazo huchangia.

*Kocha hutukataza kuinama na kushika magoti baada ya mechi. Ana haki? (Beki, Mkomani)*

Hana. Inama, utapumua vizuri tu. Cha kuepuka ni kusimama tuli: damu hubaki miguuni na unaweza kuona kizunguzungu. Tembea dakika chache.

*Sisi tunaozama kuvua kamba hupumua haraka haraka kabla ya kuzama ili tukae chini zaidi. Kuna ubaya? (Mvuvi, Lamu)*

Upo, ndugu yangu, tena mkubwa. Damu yako ukiwa umetulia imeshajaa oksijeni kwa karibu asilimia 97, kwa hiyo huongezi kitu cha maana. Unachofanya ni kufukuza hewa ukaa, na hiyo ndiyo kengele inayokuambia panda juu. Kengele ikichelewa, oksijeni inaisha nawe hujihisi na dhiki yoyote. Hatari huzidi wakati wa kupanda, maana shinikizo la maji likipungua, oksijeni iliyobaki mapafuni nayo haisukumwi tena vya kutosha kuingia kwenye damu. Mtu huzimia karibu kabisa na uso wa maji, hata kama ni bingwa wa kuogelea. Kaa chomboni mpaka pumzi itulie yenyewe, pumua kawaida, na asizame mtu bila mwenzake kumwangalia. Ukitoka kupiga kasia kwa nguvu, ndio kabisa usiharakishe.

*Mwanangu akicheza hana tatizo, akishapumzika ndipo anakohoa na kifua kinalia. Jirani anasema ni kijicho. (Mama, Matondoni)*

Mama, muache jirani na kijicho chake. Njia za hewa za baadhi ya watoto hubana dakika 5 hadi 15 baada ya kuacha kucheza, na mara nyingi ni pumu. Mpeleke kituo cha afya akapimwe. Dawa ya kuvuta ipo. Akishindwa kusema sentensi nzima au midomo ikibadilika rangi, msingoje asubuhi.