Mbona anayeoza meno si yule mla pipi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 10 na wa kike ana miaka 7. Wote hupiga mswaki kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Mkubwa ni mlafi wa pipi, na kila Jumamosi humaliza pakiti nzima, lakini meno yake ni mazima. Mdogo hajali pipi; yeye ni wa chai ya maziwa na biskuti kutwa nzima, na sasa gego lake la chini, la nyuma kabisa, lina tundu jeusi. Jirani anasema ni mdudu, na kwamba nisihangaike kwa kuwa jino la utoto litang'oka lenyewe. Nifanyeje?
Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Kabla ya yote, mketishe binti yako mahali penye mwanga, afungue kinywa, kisha uhesabu meno ya upande huo wa chini kuanzia lile la katikati kwenda nyuma. Meno ya utoto ni 20, yaani matano kwa kila robo ya kinywa. Kwa hiyo, ikiwa lililotoboka ni la sita, hilo si la utoto kamwe. Ni gego la kwanza la kudumu, ambalo huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya mengine yote, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha, na ndiyo maana wazazi wengi hawajui hata kwamba limeota. Likioza, hakuna jingine litakalokuja kushika nafasi yake. Na hata ukikuta ni la tano, mpeleke kwa daktari wa meno wiki hii, tundu likiwa bado linazibika, kwani jino la utoto nalo huweza kufanya jipu.

Mdudu anayemsema jirani hayupo, ingawa imani hiyo ni ya kale mno: Mfaransa Pierre Fauchard aliipinga katika kitabu chake cha mwaka 1728, na bado inaishi mitaani kwetu. Waliopo ni bakteria wanaokaa ndani ya ukoga, ule utando unaoupapasa kwa ulimi unapoamka. Sukari anayokula mtoto nao huila, wakatoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini ya ganda gumu la jino. Mate huizimua na kurudisha sehemu ya madini yaliyopotea, ila yanahitaji muda, pengine nusu saa hadi saa nzima, bila kuletewa sukari nyingine.

Sijaviona vinywa vya watoto wako, lakini kwa maelezo yako nadhani tofauti yao iko hapo. Kaka hula pakiti yake kwa mkao mmoja, kisha mate yake hupata siku nyingi za kutengeneza kilichoharibika. Dada akinywa funda sasa, biskuti baadaye, funda jingine tena, asidi haipati nafasi ya kutulia, na unga wa biskuti hujikita katika mifereji ya gego. Jambo hili lilionekana wazi katika utafiti uliofanyika Vipeholm, Sweden, katika miaka ya 1940, ambapo waliopewa tofi za kunata kati ya mlo na mlo ndio waliooza meno zaidi. (Watafitiwa walikuwa wagonjwa wenye ulemavu wa akili ambao hawakuombwa ridhaa, leo utafiti wa namna hiyo usingeruhusiwa.)

Basi usimnyime chai. Ainywe pamoja na chakula na kuimaliza hapo hapo, sukari ikipunguzwa kidogo kidogo, na katikati ya milo apewe maji, karanga au tango. Kuhusu mswaki, wa asubuhi peke yake hautoshi. Wa usiku ndio mkubwa, kwa sababu mate hupungua sana usingizini. Tumia dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere, umsimamie mwenyewe, kisha ateme povu bila kusukutua kwa maji, ili floraidi ibaki kwenye meno. Akishapiga mswaki huo, asile wala kunywa chochote ila maji.

SWALI: Nilikulia chini ya Mlima Meru na meno yangu yana madoa ya kahawia. Je, niepuke dawa ya meno yenye floraidi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Hapana. Madoa hayo huingia utotoni, meno yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi, na kwa kawaida hutokana na floraidi nyingi katika maji ya kunywa, pamoja na magadi ya kulainishia maharage. Meno yako yameshamaliza kuumbika, na floraidi ya dawa ya meno, ambayo huimezi, huyakinga kwa nje yasioze. Wa kuangaliwa ni watoto wadogo wa nyumbani kwako: wapate maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, na maharage yao yapikwe bila magadi. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, kiasi chake katika yaliyobaki huongezeka.