Jibu: Kutweka na kutwika

Ndugu yangu, umeuliza kama "kutweka" na "kutwika" ni neno moja lililokosewa herufi. La, ni mawili, ingawa yote ni ya kupandisha.

Kutweka ni kuvuta kitu juu kwa kamba: tanga, hata bendera. Huku Mombasa, ukikaa Bandari ya Kale jahazi likijiandaa, utaona mabaharia wanaivuta henza, ile kamba ya kupandishia tanga, kwa pamoja, na foromali, mti unaofungiwa tanga, inapanda mlingotini na tanga lake. Hapo ndipo wanatweka. Kulishusha ni kutua tanga.

Kutwika ni kumpandishia mtu mzigo kichwani. Mama ashajaza ndoo bombani, ngata iko kichwani, anakwambia, "Hebu nitwike, mwanangu." Akifika nyumbani: "Nitue!" Unaona, "tua" inajibu yote mawili. Kutoka hapo tukapata kujitwika: mtu amejitwika deni la nduguye, hakuna aliyemwomba.

Kontena pale Kilindini halitwekwi wala halitwikwi, linanyanyuliwa kwa winchi. Kuinua ni kwa chochote, hata macho. Na ukisema umetwika tanga, wazee wa baharini watakucheka mchana kutwa.